Siku Mheshimiwa Alipokubali Kukaa Chini

Mkinipita hapa Nkuhungu mnaniamkia vizuri, "Shikamoo, Bibi Vichwa," halafu mkishafika kwenye kona mnacheka. Nimestaafu mimi, masikio yangu hayajastaafu. Marahaba.

Jina hilo nililipata kazini na sioni haya nalo. Nilikuwa mhudumu wa wodi kituo cha afya. Nilipiga deki, nilibeba ndoo, nilifua mashuka, na mtoto aliyeumia kichwa akiletwa, nilimshika. Daktari anachungulia, nesi anasafisha, mimi nimeshika kichwa kisigeuke. Shule niliiacha darasa la nne nikachunge mbuzi. Ukishamshika beberu asiyetaka dawa, mtoto wa mtu hakushindi.

Sasa mjukuu wangu anayesomea unesi ameniambia niandike, wenzake wasome. Ninaandika kwa mkono, yeye atachapa. Akibadilisha neno nitajua.

Nataka niwaambie habari ya Amani. Tulibakiza kidogo sana tumpe ruhusa arudi kwao, na angerudi angelazwa kitandani akafunikwa shuka vizuri, asiamke tena. Na muda wote huo sisi tulikuwa tunacheka. Mtoto aliyegongwa kichwa anachekesha, hilo hawawafundishi. Anasema maneno ya ajabu, ndugu zake wanafanya mambo ya ajabu zaidi, na katikati ya kicheko ndipo mtoto anapowaponyoka.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Sista Kihwele, nesi mkuu wa pale. Yeye Mhehe, mimi Mgogo, kwa hiyo tulikuwa watani na kituo kizima kilijua. Asubuhi nikiingia ananiambia, "Wewe Mgogo, leo hujaenda mjini kuomba?" Namjibu, "Ningeenda, ila nikikuacha peke yako mbwa wa mlinzi atapona?" Maana sisi Wagogo tunasemwa kwa kuomba, wao Wahehe wanasemwa kwa kula mbwa. Tukimaliza hapo ndipo tunaamkiana kama watu.

Sista alikuwa na neno lake moja, analirudia mpaka tunachoka. "Mtoto aliyeumia kichwa usimuulize yeye peke yake. Wala usiishie kwa mama. Tafuta anayegombana naye kila siku. Mama anajua mtoto wake alivyo mzuri. Anayegombana naye anajua alivyo."

Mimi nililisikia neno hilo miaka mingi nikidhani ni uchokozi wa Kihehe.

Basi ilikuwa Jumamosi asubuhi. Bajaji ikaingia getini kwa kasi, akateremka Mama Amani wa Ipagala, mtumishi wa wizarani, kambeba mwanawe. Kichwa cha mama kilikuwa kimesukwa upande wa kulia, upande wa kushoto nywele zimesimama kama zinaomba msaada, kwa sababu mchana alikuwa na sendofu, sherehe ya kumuaga mdogo wake anayeolewa, huko Miyuji. Nyuma yake akateremka msusi mwenyewe, na kitana mdomoni. Nyuma ya msusi akateremka Neema, mdogo wake Amani, hata shule hajaanza. Alijifunga taulo jekundu mabegani, na mkononi alishika mwiko wa ugali kausimamisha wima mbele ya uso.

"Huu mwiko ubaki nje," nikasema.

"Siyo mwiko," akanijibu. "Ni siwa."

Sista Kihwele akauliza nani alimwona mtoto akianguka. Mama alikuwa anasukwa, msusi alikuwa anasuka. Aliyeona alikuwa Neema.

"Alikuwa anachangia," Neema akasema.

"Anachangia nini?"

"Bajeti ya dagaa. Muda wake ukaisha. Nikamwambia Mheshimiwa kaa chini. Hakukaa. Huwa hakai."

Mkiwa wageni wa Dodoma mtashangaa. Watoto wa kwingine wanacheza mpira, wanacheza baba na mama. Wa Dodoma wanacheza Bunge. Baba yake Amani ni mtumishi wa Bunge, jirani kulia ni dereva wa mbunge, jirani kushoto anapika chai ya wabunge. Kwenye televisheni Bunge, mezani Bunge. Amani alikuwa amejijengea kiti chake juu ya rundo la matofali ya kujengea choo, Neema ndiye Spika, na mwiko ndio siwa, lile rungu la Bunge. Siku hiyo Amani alikuwa amesimama juu ya matofali anapinga dagaa wasipikwe Jumamosi. Spika akamwambia akae. Akasema haipokei taarifa hiyo, akarudi nyuma hatua moja. Huko nyuma hakukuwa na tofali. Akaenda kichwa kwanza kwenye sakafu ya zege, akazimia kidogo, akazinduka, akasema anaomba mwongozo.

Daktari wa zamu alikuwa Daktari Elisha, kijana mpole, hajamaliza hata msimu mmoja kwetu. Akaniambia nishike kichwa. Nikashika. Kulikuwa na nundu juu ya sikio, laini kidogo. Daktari akaanza kuuliza, kama inavyopasa.

"Unaitwa nani, kijana?"

"Mheshimiwa Daktari, awali ya yote nikushukuru kwa kunipa nafasi."

Daktari akanitazama. Mimi nikatazama dari.

"Hapa ulipo ni wapi?"

"Niko jimboni."

"Unaumwa wapi?"

"Mheshimiwa Daktari, hilo ni swali jipya. Nitalijibu kwa maandishi."

Jasho likamtoka daktari. Mtoto ameanguka, amezimia, na sasa anaongea vitu visivyoeleweka, hiyo ni dalili mbaya kwenye kitabu chochote. Akamgeukia mama, sauti chini kabisa.

"Mama, amechanganyikiwa hivi tangu saa ngapi?"

"Daktari, ndivyo alivyo."

"Tangu lini?"

"Tangu Bunge la bajeti."

Sista Kihwele akaenda dirishani, akakaa huko anatazama nje, mabega yanamtikisika. Lakini daktari hakuwa mjinga, msimcheke. Akamkagua mtoto mwili wote. Akapapasa shingo kwanza kabla ya kumruhusu ageuke. Akamulika macho kwa tochi, jicho hili, jicho lile, mboni zikawa sawa. Akatazama ndani ya masikio na puani kama kunatoka damu au maji meupe. Akamwambia abane vidole vyake kwa mkono wa kulia na wa kushoto. Amani akabana yote miwili, akasema anaunga mkono hoja. Daktari akasema, "Huyu haendi nyumbani bado. Alizimia, na nundu iko mahali sipendi. Akae kitanda cha pale tumwone. Asile kwanza."

Mama akauliza kama sendofu ataiwahi. Msusi akauliza kama anaweza kuendelea na kazi hapohapo. Sista akasema msusi aendelee, mafuta ya nywele tu yasimguse mtoto. Basi mama akakaa kwenye benchi, msusi nyuma yake, Amani kitandani, Neema na siwa yake miguuni pa kitanda, mimi na deki yangu. Tukangoja.

Wakati huo tunangoja, niwaambie kidogo tulivyokuwa tunapokea watu, maana kungoja ndiko nusu ya kazi hii.

Kwanza kupaka. Nundu ikitokea, kila nyumba ina dawa yake. Nimepokea vichwa vyenye samli, vyenye majivu, vyenye mafuta ya alizeti mtoto anang'aa kama chapati. Mmoja aliletwa kabandikwa ugali wa uwele wa moto kichwa kizima, daktari alipoomba nimfungue nikalazimika kutumia kijiko. Wengine wanabonyeza nundu kwa mgongo wa kijiko irudi ndani. Irudi wapi? Ndani kuna ubongo, hauna nafasi ya wageni. Kitambaa safi cha maji baridi kinatosha. Damu ikitoka, bana kwa kitambaa safi ushikilie, usifunuefunue kutazama kama unachungulia wali. Ila ukihisi chini ya kidole mfupa umebonyea, usikandamize hapo, funika tu uende.

Pili maelezo. Mzee mmoja alimleta mjukuu aliyeanguka kutoka kihenge cha nafaka. Daktari wa wakati huo akamuuliza, "Alianguka kutoka juu kiasi gani?" Swali zuri, maana kuanguka kutoka kwenye kigoda si sawa na kuanguka kutoka darini. Mzee akasema hawezi kueleza kwa mdomo, ataonyesha. Kabla hatujamzuia akapanda benchi, kutoka benchi akapanda meza, kutoka meza akashika kabati la dawa. "Hapa," akasema. "Kisha akageuka hivi." Akageuka hivyo. Mjukuu alikwenda nyumbani jioni ile na peremende. Babu tulimlaza, na mjukuu ndiye aliyekuja kutueleza kila kitu vizuri, kwa sababu safari hii alikuwa shahidi.

Na kuna mwenye punda. Mtoto wa jirani yake alipigwa teke na punda wa kubeba maji. Tukauliza nani aliona. Mwenye punda akaona ni heshima amlete punda mwenyewe, wasije wakasema amemficha. Akamfunga kwenye bomba letu. Sista Kihwele akatoka nje, akamtazama yule punda kwato zake, akarudi ndani akamwambia daktari, "Kwato ni ndogo, ila hana kiatu, na amepiga kwa mguu wa nyuma." Daktari akaandika. Siku ile sikuwa na utani wa kumtania, maana habari hiyo ilisaidia. Teke la kitu kidogo kigumu linabonyeza mfupa mahali pamoja, na kweli mfupa ulikuwa umebonyea chini ya jeraha dogo kabisa.

Tatu, usingizi. Hapa ndipo mnapowatesa watoto. Mtu amesikia kwamba aliyeumia kichwa asilale, basi. Tulipokea familia moja ya wanakwaya, mtoto wao aliangushwa na mlango. Walimwimbia njia nzima asilale. Wakamwimbia benchini. Sauti ya kwanza wakichoka, wanaingia besi. Mtoto akawa anatutazama kwa macho mekundu, kichwa kinadondoka, wao wanamwinua kidevu na ubeti mpya. Daktari anauliza, "Amelegea kwa sababu ya kichwa, au kwa sababu ya ninyi?" Hakuna aliyejua. Ikabidi tuwanyamazishe, alale kidogo, tumwamshe. Akaamka, akamtambua mama yake, akaomba wasiimbe tena. Akili timamu kabisa.

Kwa hiyo shikeni: mtoto akichoka na kulia sana, atasinzia, si dhambi. Mwache alale, lakini mwamshe, umsemeshe. Akiamka akanuna kama kawaida yake, vizuri. Akiwa haamki, au anaamka nusunusu, mbebe uende. Akitapika mara moja baada ya kulia, mtazame. Akitapika tena na tena, nenda. Degedege, nenda. Mboni moja kubwa kuliko mwenzake, maji meupe sikioni, mkono mmoja unalegea, kichwa kinazidi kuuma badala ya kupungua, mtoto mchanga utosi umevimba, nenda, usingoje mume wala shemeji. Na lile la mwisho ambalo ndilo gumu kuliko yote: mtoto amebadilika. Si amekuwa mbaya. Amebadilika.

Turudi kwa Amani.

Saa za kwanza alikuwa mzigo. Nikipiga deki chini ya kitanda ananiambia nijielekeze kwenye hoja. Sista akija kumulika macho anasema serikali ina mpango gani na hii tochi. Neema anagonga siwa kwenye chuma cha kitanda, "Mheshimiwa, kaa chini," na Amani anainuka kitandani, namrudisha mimi kwa mkono. Nikamwambia Sista, "Huyu angekuwa wangu ningemrudisha kwenye matofali." Sista akasema, "Wewe Mgogo, ungemwomba kwanza nauli."

Halafu mambo yakapoa. Chumba kikawa kizuri. Msusi akamaliza mstari mmoja, akaanza mwingine. Daktari alikuwa chumba cha pili na mama mjamzito. Amani kajilaza, katulia. Mama yake akamwita.

"Amani, mwanangu, unajisikiaje?"

"Vizuri, mama."

Mama akageuka, msusi akavutwa na nywele. "Umesikia?" akasema. "Kasema vizuri, mama. Hajanishukuru kwa nafasi."

Nikamsogelea kumjaribu. "Unaitwa nani?"

"Amani," akasema polepole. "Shikamoo, bibi."

Jamani, tulifurahi. Mama akapiga makofi kidogo, akasema zege la Ipagala limefanya kazi ambayo viboko vimeshindwa, baba yake akirudi safari hataamini. Msusi akasema, "Dada, hayo matofali msiyaondoe, na wa kwangu nitamleta." Mimi nilicheka mpaka nikaegemea mpini wa deki. Mama akaanza kukusanya vitu vyake, akasema nimwitie daktari atoe ruhusa, mtoto amekuwa na adabu, sendofu ataiwahi na nywele atamalizia kwenye bajaji. Nami nikaegesha deki ukutani nikaanza kwenda. Nilikuwa naenda kuomba ruhusa ya mtoto yule, mnanielewa? Nilikuwa mlangoni.

Hapo Neema akatupa mwiko chini. Ukalia sakafuni kama kitu kimevunjika.

"Sichezi naye tena," akasema.

"Okota mwiko," nikamwambia. "Kwa nini huchezi naye?"

"Nimemwambia kaa chini. Akakaa."

Tukacheka tena, mama, msusi na mimi. Mtoto analalamika kwamba ametiiwa, nani asingecheka? Lakini Sista Kihwele, aliyekuwa anaingia na bakuli la pamba, hakucheka. Alisimama palepale.

"Umesemaje, Mheshimiwa Spika?"

"Alikuwa amesimama kitandani, anaenda chooni. Nikamwambia kaa chini, akakaa. Nikamwambia futa kauli, akasema sawa." Neema akaanza kulia. "Amani hajawahi kusema sawa."

Sista akaliweka bakuli chini bila kutazama anaweka wapi. Akamfuata Amani, akamgusa shavu, akamwita. Amani akafungua macho, akasema, "Sawa," akafumba. Hakuna aliyemuuliza kitu. Sista akamwita tena kwa nguvu. "Sawa." Akamulika tochi. Kisha akaita jina la daktari kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, na Daktari Elisha akaja anakimbia na glovu mkono mmoja. Akamulika. Mboni ya upande wa nundu ilikuwa kubwa kuliko mwenzake. Si sana. Ilitosha. Tulipomgeuza ubavu, akatapika, akatapika tena.

Daktari akasema damu inavuja ndani ya fuvu, inabana ubongo, na hapa hatuna kipimo wala mpasuaji. Hospitali kubwa, sasa hivi. "Gari."

Gari la wagonjwa lilikuwa uani. Mzee Sudi, dereva, alikuwa analiosha. Alikuwa amelipaka povu kutoka taa za mbele mpaka taa za nyuma, limekaa kama keki ya harusi, na maji yalikuwa yamekatika. Anasubiri maji yarudi aje asuuze.

"Haliendeki," akasema. "Nilisuuze kwanza."

Sista Kihwele akamwambia neno la Kihehe. Sikulijua, na Mzee Sudi hakulijua, lakini aliingia kwenye gari.

Tukamlaza Amani, kichwa kimeinuliwa kidogo, nikakunja kanga mbili nikazibana huku na huku ya shingo, nikashika. Daktari akakaa na mfuko wa kumpulizia hewa tayari. Mama akapanda, Neema akabaki na Sista. Msusi naye akapanda, maana vidole vyake vilikuwa bado kwenye nywele na hakuna aliyekumbuka kumwambia aachie. Tukatoka getini na king'ora, povu linaruka pande zote kama tunachinja kondoo mawinguni. Wauza zabibu wakakimbia na meza zao. Watu wa bodaboda wakaacha njia. Askari wa barabarani akasimamisha magari yote, nadhani kwa kushangaa tu. Mzee Sudi alikuwa haoni, anatoa kichwa dirishani, anapiga vioo kwa mkono. Mama akawa anasema, "Amani, changia. Changia, mwanangu. Nakupa dakika zote." Amani hakusema kitu. Mimi nikashika kichwa. Kilikuwa kizito kama cha mtu mzima.

Walimpeleka moja kwa moja. Wakampima, wakatoboa fuvu, wakaitoa ile damu. Daktari mpasuaji alitoka akasema mmefika kwa wakati, sasa tusubiri tuone akili inarudije. Hilo neno *inarudije* ndilo lililomwangusha mama. Kabla ya hapo alikuwa amesimama.

Siku zikapita. Amani akafungua macho. Akala uji. Akaitwa jina lake, akaitika. Wauguzi wa kule wakafurahi sana, wakasema ni mtoto mtulivu, mwenye adabu, hasumbui. Mama yake akawa anawasikia, anageuza uso ukutani. Akanitafuta. "Bibi," akasema, "wananiambia amepona. Mimi simwoni mwanangu."

Nikamwendea nesi mkuu wa wodi ile, mama mtu mzima mwenye miwani, nikamweleza neno la Sista Kihwele, kwamba apimwe na anayegombana naye. Watoto hawaruhusiwi kuingia kule, nikajua atakataa. Akavua miwani, akaifuta, akasema, "Mleteni huyo adui."

Neema akaja na taulo lake na mwiko wake. Mlinzi getini alitaka kuuchukua mwiko, nikamtazama, akaacha. Akaingia wodini taratibu, siwa mbele ya uso, akasimama miguuni pa kitanda. Amani alikuwa kalala, bandeji kichwani, macho darini. Nesi kasimama, mama kasimama, mimi nimesimama. Wale wagonjwa wengine na mama zao wamenyamaza, hawajui ni ibada gani.

"Mheshimiwa," Neema akasema. "Kaa chini."

Amani akamtazama. Nikasema moyoni, Mungu wangu, usimfanye atii.

Akalowesha midomo.

"Mheshimiwa Spika," akasema, sauti ndogo kama ya kifaranga, "naomba mwongozo wako. Mtu aliyelala anakaaje chini?"

Neema akagonga mwiko kwenye chuma cha kitanda, akamwambia muda wake umekwisha. Amani hakunyamaza. Akaendelea na hoja mpaka akafika kwenye dagaa. Mama yake, nywele upande mmoja bado zimesimama, akakaa sakafuni akasema, "Mwacheni achangie."